Madawati Arobaini, Jumatatu Saa Tatu

Kaka yangu Alfani Chabani alifariki mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumatano, kati ya adhuhuri na alasiri, akiwa amelala kwenye mkeka wake. Moyo ulisimama. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe.

Kwenye kilio nilisikia mengi. Mmoja alisema kazi ndiyo ilimuua. Mwingine akamjibu, na mimi nimekaa hapo hapo nawasikia: "Hapana, kujilinda sana njo kulimuua. Muntu akianza kujipimapima kila siku, kifo kinasikia jina lake." Sikuwa na nguvu ya kujibu. Sasa nguvu imerudi kidogo, nami naandika kwa ajili ya watoto wake na kwa majirani wa mtaa wetu wa Kataki, kwa sababu nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika ufunguo wa karakana yake zaidi ya mwaka mzima.

Alfani alizaliwa hapa hapa Kalemie. Babu yetu alivuka ziwa kutoka Ujiji na marobota ya nguo, akaoa, hakurudi. Baba alifanya biashara ya mawese, lakini Alfani hakupenda kununua wala kuuza. Alisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, kisha akaenda Moba kujifunza useremala. Aliporudi alijenga karakana ya mabati nyuma ya nyumba yetu. Baadaye akaja Urbain, kijana wa Kabalo aliyefuata mke huku, wakafanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Alfani alikuwa mwepesi wa kucheka, mkali kwa mtu aliyeacha randa chini, na mikono yake ilijua mbao kuliko macho yake.

Lakini hakuwa na saa. Nasema kweli, maana kumsifu kwa uongo hakumsaidii huko aliko. Mtu akileta kazi ya wiki mbili, Alfani alikaa siku kumi akinywa chai yenye sukari nyingi, akitengeneza kiti cha huyu na mlango wa yule, akisema, "Iko, iko, itatoka." Halafu siku nne za mwisho aliingia karakanani na hakutoka. Hali chakula, halali usingizi, swala anazikusanya. Yeye aliita hiyo "kuforse". Mafundi wengi wa hapa wanafanya hivyo, na wanajivunia. Urbain, aliyemwita patron, yaani bosi wake, alikuwa akisema, "Patron akiforse, hata mbao zinaogopa." Kazi ilitoka, ndiyo. Lakini nusu ya mbao zilikatwa vibaya kwa macho yenye usingizi, na mke wake Zuhura alipikia vipande hivyo mwaka mzima bila kununua makaa.

Halafu mwaka juzi, siku ya tatu ya kuforse makabati ya mtu mmoja, nilimletea chai nikakuta mdomo wake umeenda upande mmoja. Mkono wa kushoto haukuweza kushika msumari. Tulimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi, Mama Séraphine, alimpima tansion, yaani shinikizo la damu, mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Ilikuwa kumi na nane kwa kumi na moja, kiwango cha hatari.

Mdomo ulirudi. Mkono ulirudi, ila vidole viwili vilibaki na ganzi. Siku ya kumtoa, Mama Séraphine alituita mimi na Zuhura, akazungumza mbele yake kama vile hayupo.

"Huyu mzee wenu, dawa atakunywa. Hapo sina shaka. Shaka yangu ni hiyo tabia yake ya kukesha. Akifanya tena hizo siku tatu zake, ya tatu hataiona. Nani anashika ufunguo wa karakana?"

"Mimi mwenyewe," akasema Alfani.

"Basi kuanzia leo si wewe. Baada ya magharibi, ufunguo uko kwa dada yako."

Alfani alicheka. Mimi sikucheka. Nilimpa Mama Séraphine neno langu, nami nikaliweka mbele ya Mungu.

Saa za ukutani hazikumsaidia. Alizitazama na kuzisahau. Mwishowe alishika kitu kimoja alichokijua tangu utoto, yaani swala tano. Baada ya alfajiri alitembea mpaka daraja la mto Lukuga na kurudi, mkono wa kushoto ukifungua na kufunga ngumi njiani. Alikula uji na viazi vitamu, chai bila sukari. Saa moja yeye na Urbain wanaanza kupima na kukata, kwa sababu asubuhi macho ni safi. Adhuhuri anaswali, anakula bukari, yaani ugali, na samaki mbichi, si wa chumvi, halafu analala kwenye mkeka. Mchana ni kupigilia na kuunganisha. Ikiadhiniwa alasiri, nyundo chini. Kuanzia hapo ni kunoa tu, kufagia, na kupanga mbao za kesho, ili asubuhi asitafute kitu. Magharibi ufunguo unakuja kwangu, naufunga kwenye pindo la kitenge.

Watu walimcheka. Walipomwona darajani alfajiri walimwita: "Papa Alfani, umekimbiwa na mbuzi?" Urbain ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. "Patron, tunafunga mapema kama benki. Kesho utanivalisha kravati." Lakini baada ya miezi miwili Urbain mwenyewe aliacha kuumwa mgongo. Wote wawili walikuwa wakitoa madawati manne kwa siku moja kamili, na hakuna hata moja lililoyumba. Zuhura ndiye aliyelalamika. "Huyu bwana hakosei tena kupima. Mimi kuni nitatoa wapi?"

Sasa niseme habari ya madawati arobaini ya mwaka jana.

Mradi mmoja ulitaka kusaidia shule iliyokuwa na watoto wanaokaa chini. Mtu wa mradi aliitwa Papa Cyrille, mzaliwa wa Kinshasa, mrefu, mpole, viatu safi. Kiswahili alikuwa amejifunza hapa kwa miezi minane, na alijitahidi. Alitoa wiki tatu. Mbao zilikuwa zije kwa treni kutoka upande wa Nyunzu, na treni, kama tunavyoijua, ilikuja ilipotaka. Zilifika Jumatano, siku tisa zimeshapotea.

Jioni ile Alfani alikaa na kalamu yake ya useremala akapiga hesabu kwenye kipande cha ubao. Siku kamili, manne. Ijumaa, mawili, kwa sababu ya swala. Jumapili Urbain yuko kanisani, Alfani peke yake, mawili. Alihesabu mara tatu. Jumapili ya mwisho watakuwa na thelathini na sita, na Jumatatu, siku ya kutoa, watamaliza manne yaliyobaki ikifika alasiri.

"Haina hata nafasi ya kupiga chafya," akasema Urbain.

"Basi usipige."

Zilikuwa siku za kubana roho. Kila siku nilihesabu madawati kabla ya kufunga mlango. Manne. Sita. Kumi. Ijumaa ya pili jenereta ya jirani aliyetuuzia umeme iliharibika, wakakata kwa msumeno wa mkono mpaka adhuhuri, na bado mawili yalitoka. Jumamosi Mama Séraphine alimpima: imeshuka, kumi na nne kwa tisa. Alimpiga begani. Jumapili jioni nilihesabu thelathini na sita. Nilimshukuru Mungu, nikafunga mlango, nikafunga ufunguo kwenye kitenge.

Hatujamaliza swala ya magharibi vizuri, simu ya Alfani ikalia. Aliweka sauti ya nje ili sote tusikie, maana upepo ulikuwa mwingi upande ule mwingine.

"Papa Alfani, bonsoir! Niko huku njia ya Zongwe, réseau inakatikakatika. Sikiliza. Kesho nafika na kamio ya kubeba madawati. Saa tatu. Umesikia? Saa tatu juste."

"Kesho saa tatu?"

"Saa tatu. Na Papa, ni arobaini. Kama ni thelathini na tisa, kamio inarudi bila kitu, na kazi yote inaenda kwa wengine. Si mimi, ni sheria ya mradi..."

Ikakatika. Alfani alipiga tena. Haikupatikana. Alipiga mara tano.

Tukapiga hesabu. Saa tatu asubuhi. Wakianza saa moja, saa mbili za kazi zinatoa dawati moja. Yatakuwa thelathini na saba. Wiki zote hizo, mbao zote, na watoto wale watabaki chini, na Kalemie yote itajua kwamba Alfani Chabani alirudishiwa madawati thelathini na saba mlangoni kwake.

Alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo."

Nikashika fundo la kitenge.

"Mwanne. Nipe ufunguo."

"Kaka, nilimpa Mama Séraphine neno."

"Madawati manne! Ni usiku mmoja tu, si siku tatu. Usiku mmoja, halafu nalala kesho mchana."

"Ndivyo ulivyosema kwa yale makabati," akasema Zuhura kutoka mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema usiku mmoja."

"Na wewe nani amekuuliza?" Hakuwahi kumjibu hivyo mbele yangu. Akanigeukia. "Mimi ni mkubwa wako. Baba alipokufa ni nani aliyekulipia minerval ya shule? Leo unanifungia mlango wangu kama mwizi? Wewe si mama yangu, Mwanne."

Kwetu dada mdogo hamkatalii kaka yake kitu kilicho mali yake. Nilijua hilo, naye alijua kwamba najua. Nilifungua fundo la kitenge. Nikamwekea ufunguo kiganjani, mkono wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa umenyooshwa.

Nikamwambia, "Chukua. Mimi nitakuja na kiti nikae karibu yako. Ukianguka, nitakuwa wa kwanza kukuona."

Alifunga vidole. Viwili havikufunga. Ufunguo ukapita katikati yao ukaanguka kwenye sakafu, na sote watatu tukautazama pale chini. Hakuna aliyeinama.

Msikitini wakaadhini isha. Alfani alitoka. Sikujua kama ameenda kuswali au ameenda kumtafuta Urbain avunje kufuli. Mimi na Zuhura tuliswali ndani, na namwomba Mungu anisamehe swala ile, maana masikio yangu yote yalikuwa karakanani, nikisubiri nyundo.

Nyundo haikulia. Alirudi amechelewa kuliko siku zote, akavua kofia, akasema, "Niamsheni alfajiri." Alimwambia nini Mola wake na alijibiwa nini, sijui. Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza. Ufunguo niliuokota mimi.

Asubuhi aliamka, akaswali. Alitembea mpaka darajani. Zuhura alisema, "Hata leo?" Alikwenda hata leo. Alipopewa uji, aliumaliza. Urbain alifika saa moja kasoro, akaambiwa habari ya simu, akashika kichwa.

"Patron, na wewe umelala?"

"Nimelala."

"Mungu wangu. Ungetuma mutu aniite! Tungeforse!"

"Shika upande wa pili," akasema Alfani. "Tukate."

Saa tatu kasoro robo dawati la thelathini na saba lilisimama. Kila pikipiki ilipopita barabarani, nilitoka nje kutazama. Saa tatu ikafika. Urbain aliweka msumeno chini akatazama njia. Alfani hakutazama. Alisema, "Ni arobaini aliyotaka. Akija nayahesabu naye. Asipokuja natengeneza."

Saa tatu na nusu, hakuna kamio. Saa nne, hakuna. Mimi na Zuhura tulichukua msasa tukaanza kulainisha meza, ili wao wabaki na nyundo tu. Vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye meno. Urbain alikuwa akinong'ona sala zake za Kikristo, mimi nikinong'ona zangu, na nafikiri zilikutana juu ya bati. Saa tano, thelathini na nane.

"Amepata ajali," akasema Urbain.

"Usimwombee mtu ajali."

"Simwombei, patron. Nauliza tu."

Adhuhuri iliadhiniwa wakiwa katikati ya la thelathini na tisa. Hapo niliogopa kuliko jana. Urbain alisema, "Leo hakuna kulala, sivyo?" Alfani aliosha mikono, akaswali, akala akiwa amekaa, si amesimama. Kisha akalala kwenye mkeka, akafunga macho. Uso wake ulikuwa na jasho, na mshipa wa shingo nilikuwa nauona ukipiga. Nilitaka kumwamsha mimi mwenyewe! Mimi niliyeshika ufunguo, nilisimama juu yake nikitaka kusema kaka, amka, watakuja. Nilijizuia. Nusu saa baadaye aliamka mwenyewe, akafungua na kufunga ngumi, akarudi kwenye nyundo.

La thelathini na tisa lilisimama saa nane kasoro. La arobaini miguu yake ilikuwa bado mbao tupu.

Saa tisa, wakati kivuli kimeanza kuegemea ukutani, tulisikia injini nzito. Kamio iliingia ikirudi nyuma, watoto wanaipigia kelele. Papa Cyrille aliruka chini, viatu safi, anatabasamu kama mtu aliyekuja harusini.

"Papa Alfani! Niliwaambia saa tatu, na niko hapa saa tatu juste!"

Urbain alikuwa na misumari mdomoni. Aliitoa mmoja mmoja.

"Papa Cyrille, saa tatu ilipita asubuhi."

"Asubuhi? Non, non. Asubuhi nilikuwa barabarani. Nilisema saa tatu." Akaonyesha saa ya mkononi, na mshale mfupi ulikuwa kwenye tatu. "Ngonga ya misato. Saa... tatu. Si njo vile munasema?"

Urbain alikaa chini kwenye vumbi. Alianza kucheka, na Zuhura akacheka huku machozi yanatoka. Mtu huyu alikuwa amechukua saa ya Kilingala, inayohesabu kama Kifaransa, akaivalisha maneno ya Kiswahili. Tatu yake ilikuwa tisa yetu. Miezi minane hapa, na hakuna aliyewahi kumsahihisha, kwa sababu sisi tunaona aibu kumsahihisha mgeni anayejitahidi.

Alfani hakucheka. Alisema tu, "Anza kuhesabu kutoka kule mwisho, Papa." Akapiga magoti kwenye dawati la arobaini. Papa Cyrille alihesabu polepole, akitikisa kila moja, akikaa juu ya mengine, naye Alfani akipigilia ubao wa mwisho. Thelathini na saba, nane, tisa. Walifika pamoja. Papa Cyrille alitikisa la arobaini. Halikuyumba.

Walipakia. Alfani alifungua na kufunga ngumi ya kushoto, akauweka mkono mfukoni.

Hapo ndipo jambo lilipokuja ambalo hasa nataka watoto wake walijue. Papa Cyrille alifurahi sana. Alimshika Alfani begani, akasema kuna shule nyingine, ng'ambo ya mto, wanataka thelathini. Mbao ziko tayari, zinaweza kuja kesho.

"Madawati nayataka Jumamosi," akasema.

Ni siku tano. Nilimwona Urbain akihesabu kwa vidole. Kazi ya namna hiyo hatukuipata kila mwaka. Ni kuforse siku mbili tatu tu, na ingewezekana, wote tulijua ingewezekana.

"Mimi na mwenzangu tunatoa manne kwa siku," Alfani akasema. "Ijumaa mawili. Mbao zikija kesho asubuhi, nitakupa thelathini Jumatano ya wiki ijayo, ikifika alasiri."

"Lakini Papa, umenionyesha leo! Unaweza kukimbia!"

"Leo sikukimbia. Nililala jana, nikalala na leo mchana. Uliza dada yangu."

"Jumatano ni mbali. Mkubwa wangu hatakubali. Kuna fundi mwingine ameniambia anayatoa kwa siku nne."

"Mpe basi."

Papa Cyrille alisubiri. Nadhani alifikiri ni maneno ya sokoni, na kwamba Alfani atashuka kidogo, aseme Jumatatu, aseme Jumapili. Mimi pia nilisubiri, na nakiri hapa kwamba moyoni nilikuwa nataka ashuke. Dereva alipiga honi. Alfani aliokota nyundo, akaifuta, akaipachika mahali pake ukutani.

"Jumapili?" akauliza Papa Cyrille.

"Jumatano, alasiri," akasema kaka yangu, "saa yangu, si yako."

Papa Cyrille alicheka, akapanda kamio. Ilipotoka, madawati yakigongana, Urbain alibaki amesimama katikati ya karakana tupu. Kazi ile ilikwenda kwa fundi mwingine. Zuhura alinunua makaa ya kukopa mwezi ule.

Ikaadhiniwa alasiri. Alfani alimwambia Urbain aanze kufagia, naye akaenda kutawadha.